The Witcher 4: tutawakuta akina nani wakiwa hai?

Tangu trela ya gemu ya The Witcher 4 itoke Desemba 2024, haipiti wiki bila mtu kuniuliza: eti Triss, yule mchawi, atakuwepo? Na Lambert, yule mwinda mazimwi, je? Wananiuliza mimi kwa sababu riziki yangu ni kuandika mazungumzo ya gemu. Ni gemu ndogondogo za simu, tusidanganyane, lakini kasheshe ni ile ile: ukimwachia mchezaji aamue nani afe, gemu inayofuata inaanza na deni. Kwa hiyo nikibashiri hatima ya mhusika, naanzia kwenye deni hilo, hadithi baadaye.

(Kama hujamaliza The Witcher 3 ya mwaka 2015, ishia hapa. Natoboa siri zote.)

CD Projekt Red, studio inayotengeneza gemu hizi, walishawahi kulipa deni la namna hii mbele ya macho yetu. Mwanzoni mwa gemu ya tatu, Geralt, mwinda mazimwi na mhusika mkuu wa gemu tatu za kwanza, anapelekwa ikulu ya Vizima kuonana na Emhyr, mtawala wa Nilfgaard, na haruhusiwi kuingia na ndevu zake za porini. Kinyozi anamnyoa. Pembeni yupo jemadari Morvran Voorhis, anamhoji: ulikuwa upande wa kamanda Roche au wa mwasi Iorveth? Letho, yule muuaji wa wafalme, ulimuua au ulimwacha? Unaweza kudhani ni soga za saluni. Kumbe, kama mwanzoni uliomba gemu ikuigizie sevu (maamuzi yaliyohifadhiwa) ya gemu ya pili, kila jibu linaandika historia ya dunia utakayoichezea. Jamaa anajaza fomu huku wembe uko shingoni. Sehemu ile inanitia wivu mpaka leo.

Sasa tazama majibu yale yalizaa nini. Letho, ukiwa ulimwacha hai, unamkuta, na unaweza kumwita Kaer Morhen, ngome ya wawinda mazimwi, aje kupigana. Iorveth, ambaye gemu ya pili ilimpa njia yake nzima ya hadithi, haonekani hata kivuli. Saskia, aliyeongoza waasi kwenye gemu ile, naye hayupo. Ndivyo tunavyofanya: mhusika mwenye historia mbili hupewa kipande kidogo kinachokatika bila kuacha kovu, au hupelekwa mbali kusikofika macho. Kila toleo lake linataka mistari yake, kurekodiwa upya, kujaribiwa upya. Niliwahi kumpa muuza samaki mmoja hatima tatu. Wiki mbili nzima nililaani siku ile.

Ndipo Juni 2025 wakaonyesha demo, Ciri, binti aliyelelewa na Geralt na sasa ndiye mhusika mkuu, akiingia Valdrest, mji wa bandari huko Kovir. Watu walisifia milima na farasi wake Kelpie. Mimi nilicheka. Kovir iko kaskazini kabisa, tajiri kwa migodi na biashara, na haikuingia ile vita ya gemu ya tatu kati ya Nilfgaard na falme za Kaskazini. Nani alishinda, Nilfgaard au wa Kaskazini? Mfalme Radovid aliuawa? Emhyr bado amekalia kiti? Dijkstra, jasusi mkuu wa zamani, je? Yote yale aliyaamua mchezaji, na yote yanaweza kufika Kovir kama umbea wa baharia kilabuni: sentensi moja, unaibadilisha, unaendelea na safari.

Ningekuwa na pesa ya kubeti, ningeiweka kwa Triss. Geralt akimchagua, wanahamia Kovir pamoja, naye anakuwa mshauri wa mfalme Tankred. Asipomchagua, bado wachawi aliowatorosha Novigrad walielekea huko huko. Njia zote mbili zinaishia bandarini kwa Ciri. Mchawi Keira Metz simtarajii, maana kuna matoleo mengi mno ambamo ameshakufa. Lambert vilevile. Eskel, mwinda mazimwi mwenzake Lambert, hana deni, kila mchezaji alimwacha hai, kwa hiyo akitokea sitashangaa.

Ciri mwenyewe ndiye deni kubwa kuliko yote. Aliishia mwinda mazimwi, au malkia wa Nilfgaard, au hakurudi kabisa, kutegemea mchezaji. Kwa kumfanya mhusika mkuu, studio imeshachagua, na waliompeleka Nilfgaard watapewa maelezo mafupi ambayo hayatawaridhisha. Mimi sina shida na hilo. Kinachonishughulisha ni macho. Kwenye trela anakunywa dawa na macho yanakuwa ya paka, maana yake amepitia Jaribio la Majani, la kumgeuza mtoto kuwa mwinda mazimwi, lile lililoua watoto wengi kuliko liliowaacha. Vesemir, mzee wa wawinda mazimwi aliyelijua vizuri, ameshakufa, na kifo chake hakuna mchezaji anayeweza kukizuia. Nani basi alimfanyia?

Rudi kwenye gemu ya tatu, ngomeni Kaer Morhen. Uma, kile kiumbe kisichoweza hata kutamka neno, amefungwa mezani. Wanampitisha kwenye jaribio lile lile ili laana ilegee. Anapiga kelele, Geralt amesimama pale, Vesemir anasaidia shingo upande, na anayeongoza kila hatua bila kuyumba ni mchawi Yennefer. Kati ya waliobaki, ndiye pekee tuliyemwona akiifanya kazi ile mpaka mwisho.

Doug Cockle, mwigizaji wa sauti ya Geralt, alishasema Geralt atakuwemo, ila si kama mhusika mkuu, na wengi wanahofia analetwa ili afe. Sidhani. Kifo cha mlezi walishakitumia kwa Vesemir. Nadhani wanamleta aje kuuliza. Safari hii aliyelala juu ya meza ni Ciri, na naamini hakuna aliyemwita Geralt.