Kufuatilia ukoo wa Lipari kwa vitabu vya parokia

Anayetafuta nasaba kwenye vitabu vya kanisa vya Italia aanze kwa kukubali jambo moja: vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili yake. Paroko wa kisiwani aliyeshika kalamu mwaka 1620 hakuwa na haja ya kuhifadhi historia ya familia ya mtu. Alikuwa akijiwekea jibu la swali ambalo angeulizwa, yeye au mrithi wake, miaka ishirini baadaye: je, huyu na yule wanaweza kuoana? Ukilishika swali hilo, utajua kwa nini paroko aliandika alichoandika, na kwa nini mengi unayotamani kuyajua hayamo.

Tuchukue Lipari, kisiwa kikubwa kuliko vingine katika visiwa saba vya Eolie, kaskazini mwa Sisilia. Kilikuwa na askofu wake mwenyewe, na mlinzi wake ni Mtakatifu Bartolomeo, ambaye kanisa kuu la kisiwa limewekwa chini ya jina lake. Jina hilo litatusumbua baadaye.

Sheria iliyozaa vitabu hivi ilipitishwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, tarehe 11 Novemba 1563. Kabla ya hapo, mwanamume na mwanamke wangeweza kupeana ahadi ya ndoa faraghani, bila padri wala shahidi, na Kanisa likaitambua ndoa hiyo. Matatizo yake hayahitaji kuelezwa: mwanamume alikana mke wa kwanza, akaoa wa pili hadharani, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Trento ikaagiza ndoa itangazwe kanisani mara tatu, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na iandikwe kitabuni. Ubatizo nao uandikwe, pamoja na majina ya wasimamizi. Mwaka 1614 Papa Paulo V alitoa kitabu cha ibada, Rituale Romanum, kilichotaka kila paroko awe na vitabu vitano: vya ubatizo, kipaimara, ndoa, vifo, na hesabu ya waumini nyumba kwa nyumba, ambayo kwa Kilatini huitwa status animarum. Mkatoliki wa Moshi au Bukoba anayeambiwa leo alete cheti cha ubatizo kabla ya ndoa yake kutangazwa anatembea katika njia iliyochongwa wakati huo.

Usitarajie kila parokia iwe imeanza siku moja. Ziko zilizokuwa na vitabu hata kabla ya amri ya Trento, na ziko zilizochelewa kwa miongo. Ziko pia zilizopoteza kila kitu: tetemeko la tarehe 11 Januari 1693 liliangusha miji ya kusini-mashariki mwa Sisilia, na makanisa yaliyoanguka yaliangukia vitabu vyao.

Safari yenyewe huenda kinyumenyume. Sisilia na visiwa vyake vilianza kuwa na usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1820, na picha za vitabu vingi vya namna hiyo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Antenati ya hifadhi za nyaraka za taifa la Italia. Humo kuna hazina ambayo wengi huipita bila kuigusa: viambatisho vya ndoa. Waliotaka kuoana miaka ya 1820 walitakiwa kuleta nakala za ubatizo wao, na mara nyingi za vifo vya wazazi na hata babu zao. Kwa hiyo bahasha ya ndoa ya 1825 inaweza kukurudisha karne ya 18 kabla hujamwandikia paroko yeyote.

Kabla ya 1820 unabaki na Kanisa. Maandishi ni ya Kilatini, lakini cha kufumbuliwa ni kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu paroko alirudia maneno yale yale mwaka hadi mwaka: mimi fulani nimembatiza mtoto aliyezaliwa jana na fulani na fulani, wanandoa, akapewa jina hili, wasimamizi wakawa hawa. Ukishajua ruwaza hiyo, kazi hubaki kwenye majina na mwandiko. Giacomo ataandikwa Iacobus, Vincenzo ataandikwa Vincentius. Neno quondam, mara nyingi likifupishwa kuwa herufi mbili tu, lina thamani kubwa, maana linakuambia kuwa anayetajwa alikuwa ameshafariki. Kama baba wa bwana harusi ni quondam mwaka 1652 lakini hakuwa quondam mtoto mwingine alipooa mwaka 1649, umepata muda wa kifo chake hata kama kitabu cha vifo kimeliwa na mchwa.

Sasa majina. Desturi ya Sisilia ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Tuseme kulikuwa na Bartolomeo mwenye wana wanne, na kila mmoja akaoa. Utapata wajukuu wanne walioitwa Bartolomeo, wa ukoo mmoja, wa kisiwa kimoja, wanaopishana miaka michache. Zaidi ya hapo, mtoto akifa, jina lake lilipewa mdogo wake aliyefuata, hivyo ubatizo wa kwanza unaoupata si lazima uwe wa mtu unayemtafuta. Hapa ndipo miti mingi ya ukoo iliyoko mtandaoni inapoharibika. Mtu ameona jina na mwaka unaokaribia, akafurahi, akaunganisha.

Dawa yake ni wanawake. Katika vitabu hivi mke hakuchukua ukoo wa mume. Aliandikwa kwa ukoo wa baba yake hadi kufa. Usimfuate Bartolomeo peke yake, mfuate pamoja na mkewe, maana Bartolomeo wanne hawakuoa mwanamke mmoja. Wasimamizi wa ubatizo pia husaidia, na paroko hakuwaandika kwa heshima tu. Usimamizi ulizaa undugu wa kiroho uliozuia ndoa: msimamizi hakuweza kumwoa mtoto aliyemsimamia, wala mzazi wa mtoto huyo aliyebaki mjane, bila kibali.

Kibali hicho ndicho ninachokipenda kuliko nyaraka zote za aina hii. Tangu Mtaguso wa nne wa Laterani wa mwaka 1215, Kanisa lilikataza ndoa ya ndugu hadi daraja la nne. Ndugu wa tumbo moja ni daraja la kwanza, watoto wao la pili, wajukuu wao la tatu, vitukuu wao la nne. Kwa maneno mengine, vilembwe wa mzee mmoja hawakuoana bila ruhusa. Msomaji wa pwani yetu, ambako binamu kumwoa binamu si habari, ataona huo ni ukali wa ajabu. Na katazo halikuishia kwenye damu. Mjane wa kiume aliyetaka kumwoa binamu wa marehemu mkewe alikwama vilevile.

Katika kisiwa kidogo, hesabu hiyo haikuacha wachumba wengi. Watu wakaomba kibali, na maombi yakafungua jalada katika ofisi ya askofu. Ndani yake utakuta mashahidi wazee wakieleza kwa kiapo nani alimzaa nani, na mara nyingi mchoro mdogo: jina la mzee wa pamoja juu, matawi mawili yakishuka hadi kwa bwana na bibi harusi. Ni nasaba ya vizazi vinne iliyochunguzwa na watu waliowajua wahusika. Sababu iliyotolewa mara kwa mara iliitwa angustia loci, yaani ufinyu wa mahali: binti hapati mume wa hadhi yake kisiwani asiyekuwa ndugu yake. Kwa hiyo ukiona kitabu cha ndoa kinataja kibali, hata kwa maneno mawili, acha kurasa hizo na uulize jalada lake liko wapi.

Kwa koo za Lipari kuna swali jingine. Kiangazi cha mwaka 1544 Hayreddin Barbarossa, amiri wa manowari za Waosmani, aliuzingira mji, akauteka, akawachukua utumwani wakazi wake karibu wote; hesabu zinazotajwa mara nyingi ni kati ya 8,000 na 10,000. Mfalme Karolo V akakijaza tena kisiwa kwa walowezi kutoka Sisilia na kusini mwa Italia. Ndiyo maana ukoo mwingi wa Lipari ukifuatwa vya kutosha unatoka kisiwani na kukupeleka parokia nyingine. Tafuta ndoa ya mgeni wa kwanza. Trento iliwaonya maparoko wasiwafungishe ndoa watu wasiojulikana bila kuwachunguza, hivyo mtu wa kuja alitakiwa kuthibitisha kwamba hakuacha mke kwao, na ushahidi huo hutaja kwao ni wapi.

Tarehe nazo zina mitego yake. Nyaraka za notari, yaani mwandishi rasmi wa mikataba, na za serikali ya Sisilia zilihesabu mwaka kuanzia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mkataba wa ndoa na kitabu cha parokia vinaweza kuonekana vinapingana wakati vinasema kitu kimoja. Na kalenda ilipobadilishwa mwaka 1582, siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba iliitwa tarehe 15. Mti wa ukoo unaoonyesha mtu amebatizwa Palermo tarehe 10 Oktoba 1582 ni wa kutiliwa shaka wote, hadi shina.

Tangu mwaka 1986 jimbo la kikanisa la Lipari limeunganishwa na Messina na Santa Lucia del Mela kuwa jimbo kuu moja, kwa hiyo barua ya kuomba nyaraka huelekezwa kwa jimbo hilo kuu. Iandike kwa Kiitaliano, iwe fupi: jina la mume, jina la mke kwa ukoo wake wa kuzaliwa, tukio moja, na kipindi kisichozidi miaka kumi. Ombi la “kila kitu kuhusu ukoo wetu” halina mtu wa kulishughulikia.