Kompyuta haijathibitisha kwamba mti wako unatibu kisukari

“Soma hapo mwanangu. Kompyuta imethibitisha.”

Mama aliyeniambia hivyo mwezi uliopita alikuwa amesimama kwenye dirisha la dawa, simu mkono wa kulia, mkono wa kushoto chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya kijani yaliyokolea: mlonge na mwarobaini, vimechemshwa pamoja. Kwenye kioo cha simu palikuwa na picha ya aina ninayoitengeneza mwenyewe kila wiki. Protini imechorwa kama utepe uliojikunja, katikati kuna molekuli ndogo ya rangi ya chungwa, na chini pameandikwa -9.4. Metformini, kidonge chake cha kisukari, alikuwa ameiacha wiki tatu. Tulipomtoboa kidole, mashine ilisoma sukari ya damu 21.6, juu mno.

Neno hilo, “kompyuta imethibitisha”, nimelisikia mwaka huu mpaka basi: kwa wagonjwa, kwa wauza dawa za asili, hata kwa wanafunzi wa famasia. Nusu ya wiki yangu naitumia kutafuta kwa kompyuta molekuli za mimea zinazoweza kuwa dawa ya kisukari. Kazi hii naipenda, na inaniuma inapotumika kumwachisha mtu vidonge vyake.

Dhana: “Kompyuta imethibitisha kwamba mmea huu unatibu”

Picha ile hutokana na dokingi. Programu kama AutoDock Vina, ambayo ipo tangu 2010, huchukua umbo la protini na umbo la molekuli, ikaigeuzageuza molekuli ndani ya mfuko wa protini, kisha ikakadiria vitashikana kwa nguvu kiasi gani. Namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mshiko unakadiriwa kuwa mkali zaidi. Nasema unakadiriwa kwa makusudi. Makadirio haya hukosea kirahisi kwa kilokalori 2 kwa moli, ambacho ndicho kipimo cha namba hizo, ilhali tofauti ya kilokalori 1.4 tu ni sawa na nguvu ya mshiko mara 10. Mwenye -9.4 na mwenye -8 wanaweza kuwa sawasawa, au wa pili akawa ndiye bora.

Halafu programu hizi hupendelea molekuli kubwa. Mfano wangu wa kila siku ni rutini, iliyomo kwenye mimea kibao. Uzito wake ni 610, imebeba sukari mbili, na kila upande ina pa kushikia. Nimeipachika kwenye DPP-4, protini inayolengwa na baadhi ya dawa za kisukari, ikapata alama nzuri. Nimeipachika kwenye protini zisizohusiana kabisa na kisukari, nako ikapata alama nzuri. Molekuli inayokaa vizuri kila mahali haijakuambia lolote kuhusu sukari ya damu yako.

Na kuna yale ambayo programu haiyaoni kabisa. Haijui kama molekuli itapenya utumbo. Haijui ini litaifanya nini kabla haijafika inakotakiwa. Haijui ndani ya chupa ya mama yule mna miligramu ngapi za molekuli hiyo, maana mti uliochumwa Morogoro wakati wa masika na ule uliochumwa Dodoma wakati wa kiangazi si lazima uwe na kiasi kilekile.

Hata wanaotoka kwenye kompyuta wakaingia maabara, wengi huishia kwenye hamira. Alfa-glukosidesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa glukozi, ukikinunua kwa bei nafuu mara nyingi ni cha hamira, na tabia yake si sawa na ya kile kilichomo kwenye utumbo wetu. Akarbosi, dawa inayotumika kama kilinganisho, hukizuia vizuri sana kile cha utumbo, lakini kile cha hamira hukizuia kidogo tu. Hapo mmea wenye flavonoidi za kawaida, kampaundi zilizomo kwenye mimea mingi, unaweza kuishinda, na kesho yake mtu anasambaza habari kwamba majani yameishinda dawa ya hospitali. Yameishinda kwenye hamira. Mgonjwa wangu ni binadamu.

Kwa hiyo ukionyeshwa namba, uliza: dawa inayojulikana, ikipachikwa kwenye mfuko uleule, imepata ngapi? Na molekuli ambayo tunajua haifanyi kazi, imepata ngapi? Wanafunzi wangu siwaruhusu hata kufungua faili la mimea kabla hawajairudisha sitagliptini, dawa ya kisukari inayoshika DPP-4, kwenye protini hiyo na ikakaa palepale ilipoonekana maabara kwenye fuwele ya protini hiyo, isizidi angstromu 2 (kipimo kidogo cha saizi ya atomu) pembeni. Kazi isiyo na kilinganisho siisomi hadi mwisho.

Kazi ya dokingi ni kupunguza foleni. Una molekuli elfu tano na maabara yako ina uwezo wa kupima ishirini, basi kompyuta inakuchagulia pa kuanzia. Zile ishirini zinapimwa kwenye kimeng'enya, kwenye seli, kwa wanyama, kisha kwa watu, na karibu zote zinaanguka njiani. Mama yule nilimweleza hivyo, tukakubaliana arudie metformini, chupa aiweke kando, na apime asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula, kila kitu kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika 17.9. Wa nne, 10.3.

Dhana: “Wazungu wanazificha dawa za mimea”

Metformini yenyewe ina asili ya mmea. *Galega officinalis* ni mmea wa Ulaya wenye galegini, kampaundi inayoshusha sukari na yenye sumu ya kuua kondoo. Galegini ilijaribiwa kwa watu miaka ya 1920 ikaachwa kwa ukali wake. Metformini, ndugu yake aliye mpole zaidi, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 na wanakemia Werner na Bell, na daktari Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa huko Ufaransa mwaka 1957. Hakuna kilichofichwa. Kilichofanyika ni kuondoa sumu.

Dhana: “Kikiwa kwenye mti kina nguvu kuliko cha kiwandani”

Florizini, kampaundi ya mmea, ilitolewa kwenye gome la mtufaha mwaka 1835, na mwaka 1886 daktari Mjerumani von Mering akaonyesha kwamba inafanya sukari itoke mwilini kwa njia ya mkojo. Lakini ukiimeza, utumbo unaikata kabla haijafika kwenye figo. Wanakemia walibadilisha kiungo kimoja, penye oksijeni wakaweka kaboni, utumbo ukashindwa kuikata. Dapagliflozini, kidonge cha kisukari, ilitoka huko. Ukichemsha gome la mtufaha, hupati dapagliflozini.

Dhana: “Ikishika vizuri, ni salama”

Troglitazoni, iliyokuwa dawa ya kisukari, ilishika protini yake barabara na sukari ikashuka. Iliharibu maini ya watu, ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 2000.

Dhana: “Cha asili hakigombani na vidonge”

Karela, tunda chungu linalotumika kama dawa ya asili, juu ya glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, inaweza kukushusha sukari ukaanguka bafuni. Ukinywa chochote, niambie. Sikufokei, nataka kujua tu, na chupa uje nayo niione.

Dhana: “Hata mtoto wa insulini anaweza kuhamia kwenye majani”

Hapa sina subira. Katika kisukari aina ya kwanza kongosho halitengenezi insulini ya kutosha kumweka mtu hai, na hakuna molekuli ya mmea, ya kompyuta wala ya chupa, inayochukua nafasi yake. Akiiacha, anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache: kiu, kutapika, kuhema kwa nguvu, mashine inaandika HI kwa sababu namba imepita uwezo wake. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani na shangazi au jirani akaleta chupa kwa nia njema, mchome kwanza insulini yake ya asubuhi kama kawaida, ale, kisha ndipo mkae na mgeni mzungumze.