Mwache amwage kwanza

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wa hapa Dodoma ni wanunue midoli gani. Mimi huomba kwanza kuonyeshwa jiko.

Wiki iliyopita nilikuwa Nkuhungu, kwa mama mwenye binti wa miaka mitatu. Tulitandika kanga uani, tukaweka bakuli la mtama, kikombe na chupa tupu ya maji. Binti akamimina, karibu mtama wote ukaishia kwenye kanga. Mama akanyoosha mkono: “Si hivyo, lete nikuonyeshe.” Nikamwambia, “Dada, tumsubiri kidogo.”

Mara ya pili chupa ikaanguka. Mara ya nne mkono wa kushoto ukaishika chupa shingoni, wa kulia ukamimina taratibu, mtama ukaingia. Hakuna aliyemfundisha. Mkono mmoja kushikilia, mwingine kufanya kazi: ndivyo atakavyoshikilia daftari akiandika darasa la awali. Tungemsaidia mapema, tungemnyang'anya ugunduzi huo.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa Dodoma Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio. Nalipenda sana neno hilo. Mtoto ndiye anayeanzisha wimbo, mzazi anaitikia. Kwa hiyo kaa chini karibu naye, useme unachokiona: “Imejaa. Hii bado nusu. Lo, imekuwa nzito!” Kama nyumbani mnaongea Kigogo, semeni Kigogo, maana ya kujaa na kupungua ataielewa vilevile.

Maji nayo watoto huyapenda mno, ila najua maji ya mgao yanavyouma. Tumia yale uliyooshea mboga, kidogo tu kwenye beseni, kisha yeye mwenyewe akamwagilie mche. Usimwache peke yake hata dakika moja, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Karanga na maharage hupaliza. Kwa walio chini ya miaka mitatu, weka vifuniko vikubwa na vijiko vya mbao, na mtama uuache kabisa.

Na ule mtama uliomwagika? Bibi yake alileta ungo, akampa na mjukuu kaungo kadogo. Wakaketi kivulini wakipepeta, na nusu ya mtama wa binti ikarudi tena chini.