Fundi wa welding unayepewa kazi za sabu, yaani kipande cha kazi ya mkandarasi mwingine, ile bei uliyokubali imebeba nini ndani yake?

Sisi tunaoshughulika na usalama kazini mara nyingi tunakutana na fundi akiwa keshaharibikiwa, macho yamevimba au anadai hela miezi na hapokelewi simu au mshono wake umekataliwa na anaambiwa arudie bure, na ukikaa nae ukamsikiliza unagundua kuchomelea anajua vizuri tu, mshono wake umekaa kama umechorwa na rula. Alipokosea ni siku ile alipokubali kazi. Alisikia bei akaona inalipa, akabeba mashine yake akaenda.

Kazi ya sabu ni ngazi. Juu kuna mwenye mradi, chini yake mkandarasi mkuu, chini yake kuna kampuni imepewa kipande cha kazi, nayo imemega kipande chake ikampa mtu mwingine, na huko chini kabisa ndo upo wewe na holda ya kushikia fito mkononi. Kila ngazi inakata chake, kwaiyo hela ikishuka inapungua. Hatari yenyewe haikatwi na mtu, inashuka mpaka kwako ikiwa nzima. Hapo ndo nataka tukae leo.

Tuanze na bei maana ndo fundi anayoiwaza usiku. Wengi mnapatana kwa mita ya mshono au kwa jointi ya bomba kulingana na inchi zake, ni sawa, ila unapopiga hesabu kichwani unajiona umeinama unachomelea asubuhi mpaka jioni na haiendi hivyo kabisa. Kwenye kuchomelea kwa mkono kwa fito, vile vijiti vya chuma vinavyoyeyuka kwenye mshono, muda ambao moto unawaka kweli huwa ni kama asilimia 20 mpaka 30 ya siku. Unaobaki ni kufiti, kupima, kugraindi, kugonga slagi lile gamba linaloganda juu ya mshono, kubadilisha fito, kuvuta kebo, kusubiri kreni, kusubiri kibali cha kazi ya moto, kusubiri mkaguzi ambae kasema anakuja saa tatu na amekuja saa nane. Ukipatana kwa mita, masaa yote hayo unayalipia wewe. Kwaiyo patana kuhusu kusubiri pia, useme kabisa nikiwa saiti na kazi imesimama kwa sababu isiyo yangu nalipwa kwa saa au kwa siku kiasi fulani, na kila siku iwe na karatasi ya masaa iliyosainiwa na fomeni siku hiyohiyo. Fomeni wa Jumatatu hakumbuki kilichotokea Ijumaa, na wakati mwingine Jumatatu hayupo tena.

Halafu kuna kurudia kazi. Mshono umepigwa eksirei umekutwa na matundu au ufa, nani analipa? Jibu la haraka ni aliyechomelea, ila sio kila kasoro ni mkono wa fundi. Chukua fito ya E7018 ambayo iko kila saiti ya chuma kizito, hiyo 70 inamaanisha chuma chake kinahimili mvuto wa paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, na ganda lake limetengenezwa ili haidrojeni iwe kidogo sana kwenye mshono. Ganda hilo linavuta unyevu wa hewani. Boksi likishafunguliwa fito zinatakiwa zikae kwenye oveni yake kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwenda juu, sio juu ya ndoo iliyogeuzwa pembeni ya ukuta. Fito ikilowa haidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa wake hauji hapohapo, unaweza kutokea masaa mengi baadae mpaka siku mbili, wakati wewe ulishapiga picha mshono ukafurahi ukaenda nyumbani. Sasa kama fito ni za mkandarasi na oveni hakuna, hiyo kasoro ni ya nani? Kama haijaandikwa popote ni ya kwako, ndo ukweli. Andika fito zinatoka kwa nani, zinatunzwaje, na uombe karatasi ya utaratibu wa kuchomelea, ile inayosema fito gani, ampea ngapi, chuma kipashwe moto kiasi gani kabla. Ukikuta chuma kina rangi au mafuta au nafasi kati ya vipande ni kubwa kuliko karatasi inavyosema, piga picha tuma ujumbe kabla hujawasha, ujumbe wa simu ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu.

Malipo nitapita haraka. Kuna kile kiasi kinachozuiliwa mpaka mradi uishe, uliza ni asilimia ngapi na kinarudi lini, tarehe. Na kuna kile kifungu cha "tutakulipa tukilipwa", hicho ndo kinaua watu maana unakuwa umemkopesha mkandarasi bila kujua. Ukishindwa kukitoa basi omba ulipwe kwa vipande vidogo vidogo, kila wiki mbili, ili siku wakikukimbia wawe wamekimbia na kidogo.

Sasa moshi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na ni moshi wa kuchomelea kwa ujumla sio wa steinlesi, kile chuma kisichoshika kutu, peke yake. Uingereza wakaguzi wao wa usalama kazini Februari 2019 wakakaza, wakasema hata chuma cha kawaida lazima moshi udhibitiwe, na ukiwa nje uwazini uvae kinga ya pumzi inayofaa maana feni ya kuvuta moshi haifanyi kazi nje. Steinlesi ina kromiamu na ikiungua inatoa aina mbaya zaidi ya kromiamu. Manganizi ambayo iko karibu kwenye kila fito ikizidi miaka na miaka inasumbua mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, mwendo unabadilika. Na chuma chenye zinki kinakupa ile homa ambayo mafundi wengi mnaijua, jioni baridi na jasho na mwili kuuma kama malaria, kesho kutwa imeisha unasahau. Inakuja masaa kadhaa baada ya kazi ndo maana mtu haiunganishi na moshi. Kuhusu maziwa, naulizwa kila semina, jamani maziwa hayasafishi mapafu, moshi unaingia kwenye mapafu na maziwa yanaenda tumboni ni njia mbili tofauti. Kitambaa cha kujifunga puani nacho chembe za moshi huu zinapita kama hakipo. Zinki itolewe kwa kugraindi sehemu ya kuchomelea kwanza, kichwa kikae pembeni ya moshi sio juu yake, feni ya kuvuta iwe karibu na mshono, na barakoa iwe ya kichujio cha chembe inayobana uso. Ndevu zinafanya isibane, samahani kwa wenye ndevu.

Swali la sabu ni hili, feni ananunua nani? Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa usalama kwenye ujenzi, namba 167 wa mwaka 1988, kifungu cha 8 kinasema pale ambapo waajiri wawili au zaidi wanafanya kazi kwa pamoja saiti moja, mkandarasi mkuu ndie wa kuratibu usalama na kuhakikisha unafuatwa, na kila mwajiri anabaki na jukumu kwa watu wake. Nchi ikiwa imeridhia, sheria yake inatakiwa iendane na hilo. Kwaiyo hewa, ngazi, jukwaa, umeme wa saiti, vizima moto, hivyo sio vitu vya kukwambia "wewe ni sabu jitegemee". Ila soma tena hapo mwisho, kila mwajiri kwa watu wake. Umekuja na kijana wa kukusaidia kushika vyuma na kugonga slagi? Wewe sasa ndo mwajiri wake. Na huyo kijana ndo anaumia kuliko wewe, maana wewe una helmeti ya kioo namba 10 mpaka 13 kulingana na ampea, yeye kasimama pembeni na miwani ya jua au kageuza tu shingo. Mwanga ule unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, hasikii kitu mchana, usiku saa sita anaamka anaona kama mchanga umemwagwa machoni. Inapona kwa siku moja au mbili ila ikirudiarudia sio mchezo, na dawa yake ni hospitali na kukaa gizani, asiwekewe vitu vya kienyeji jichoni. Mnunulie helmeti yake, weka pazia, na iweke kwenye bei.

Nikikwambia ukatae kazi moja tu ningechagua kuingia ndani ya tangi bila kipimo cha hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, ikishuka chini ya 19.5 tayari ni hatari, na argoni, ile gesi inayotoka kwenye tochi ya kuchomelea kulinda mshono, haina harufu, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajaa chini taratibu kama maji. Mtu anachuchumaa kuchomelea kona ya chini na haamki. Anayefuata ni rafiki yake anaeruka kumtoa bila kinga, nae analala hapohapo. Kwenye ajali za namna hii wanaokwenda kuokoa wanakufa wengi sana, ndo maana lazima kuwe na mtu wa nje ambae kazi yake ni kukuangalia tu na haruhusiwi kuingia, awe na namna ya kukuvuta kwa kamba. Na ukienda kula usiuache mtungi wa gesi ndani, valvu inavuja kidogokidogo. Vilevile pipa lililowahi kubeba petroli au thina hata kama lilikauka zamani, usiliguse na moto mpaka lisafishwe kitaalamu, mvuke wake uliobaki unatosha kulifanya bomu. Na kama mtu amesafisha chuma kwa dawa ya kuondoa grisi yenye klorini, mwanga wa kuchomelea unaweza kugeuza mvuke wake kuwa fosjini, gesi ya sumu kabisa.

Utaambiwa "fundi mwingine anafanya". Atafanya, mwache. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa 1981 unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari anayoamini kwa sababu za msingi kwamba ni ya karibu na kubwa kwa maisha yake, na tangu Juni 2022 mazingira salama ya kazi yamewekwa kwenye haki za msingi za kazini. Shida ya sabu ni kuambiwa wewe sio mfanyakazi. Hapo usiangalie jina la kwenye karatasi. Pendekezo namba 198 la mwaka 2006 la shirika hilohilo linasema kiangaliwe kinachofanyika kweli: anaekupangia saa ya kuingia na kutoka, mashine ya nani, unamfanyia yeye peke yake au na wengine, analipa kwa mwezi? Ukikuta kila kitu ni chake na wewe umebaki na jina la sabu tu, huenda ni mwajiriwa uliyenyimwa bima, na hiyo kesi unaweza kuipeleka ofisi ya kazi.

Umeme na moto nisivisahau. Mashine ikiwa imewashwa bila kuchomelea holda inaweza kuwa na volti 80, ukiwa umelowa jasho umekaa juu ya chuma na glavu mbichi hizo zinatosha kukuua. Glavu kavu za akiba, klampu ya arthi karibu na mshono, kebo iliyochubuka isifungwe na nailoni. Cheche nazo zinaruka mpaka mita 11, zinaingia kwenye nyufa na mashimo ya ukuta na moto unaanza wakati mmeshaondoka, ndo maana lazima abaki mtu wa kulinda angalau nusu saa, na viwango vipya vya Marekani vimepandisha mpaka saa nzima. Muda huo wa mlinzi nao unalipwa na nani, umeshajua nitasema nini.

La mwisho ni karatasi yako ya ufundi. Kama umefanya mtihani wa ISO 9606-1, kile kiwango cha kimataifa cha kupima mafundi wa kuchomelea, cheti kinatakiwa kithibitishwe kila miezi 6 na msimamizi wa kuchomelea kwamba umeendelea na aina hiyo ya kazi, na kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ukikaa miezi 6 bila kutumia njia hiyo ya kuchomelea sifa yako inakatika. Mwajiriwa anasainiwa na ofisi yake, sabu anahama saiti kila baada ya wiki kadhaa na hakuna wa kumkumbuka, kwaiyo saini ichukue kabla hujafungasha kebo, pamoja na nakala ya matokeo ya ukaguzi wa mishono yako. Baada ya wewe kutoka getini huyo msimamizi hutompata tena kirahisi.