Mabaki ya saiti ya ujenzi usimwage kinamasini, yachambue kwanza

Jamani, tangu lile jalala la Kiteezi, karibu na Kampala hapa Uganda, liporomoke Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, bado tunapata malalamiko ya malori yanayomwaga vifusi kwenye kinamasi, na ukichungulia lile rundo unakuta maranda, vipande vya mbao, mifuko ya karatasi ya simiti, vitu ambavyo uyoga unavila vizuri sana.

Ndiyo, uyoga, huu huu watu wanaotesha nyumbani kwenye maganda ya pamba. Nyuzi zake zinashika maranda kama gundi. Yapige mvuke, yapoe, changanya na mbegu ya uyoga, shindilia kwenye kalibu, acha wiki moja au mbili mpaka pawe peupe pote, halafu kausha kwa joto ili uyoga ufe, maana usipoua utaendelea kuota humo ndani. Unapata ubao mwepesi wa dari unaopunguza joto la mabati na kelele za mvua.

Sasa nawaomba msikilize, HILI SI TOFALI. Halibebi ukuta, na maji ni adui yake, tumesema hivi mara ngapi?

Pia si kila mbao inafaa. Zile nguzo zilizotiwa dawa zikawa za kijani mara nyingi zina aseniki, shaba na kromiamu, weka pembeni, usikate ukachanganya wala usipikie. Zilizopakwa rangi hivyo hivyo. Mabati ya zamani ya asbestosi usiyavunje kabisa, vumbi lake linaua mapafu.

Kuhusu sheria. Anayebeba taka lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iko kwenye Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020, kwa hiyo kabla hujamlipa mwenye lori mwambie akuonyeshe, usome jina na tarehe ya mwisho. Ukijenga, kibali kinatoka kwa kamati ya ujenzi ya eneo lako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, na hiyo dari ya uyoga ionekane kwenye ramani unayopeleka, usiibadilishe katikati ya kazi bila kurudi kwao. Ukimaliza kuna kibali kingine cha kuhamia. Kujenga bila kibali ni kosa la jinai, unapelekwa kortini.

Kwa mafundi: marundo matatu pale pale saiti. Mbao safi na maranda chini ya turubai yasilowe, tofali na zege kando kwa kujazia msingi, yenye dawa na rangi mbali na watoto.