Mtoto analalamika kisigino? Sio uvivu, na sio "anakua tu"
Wengi tumekuzwa tukiambiwa mtoto akiumwa mguu ni mifupa inarefuka, avumilie. Jamani hapana, kurefuka kwenyewe hakuumi hivyo. Kwa watoto wa miaka kama 8 hadi 14 wanaocheza sana mpira au kukimbia, mara nyingi shida iko nyuma ya kisigino, pale mfupa bado haujaungana, kuna gegedu laini, na kano nene (ule mshipa mgumu unaounganisha msuli na mfupa) inayotoka kwenye shavu la mguu inapavuta kila akiruka au kukimbia, basi panauma. Daktari James Warren Sever wa Boston alielezea hali hii mwaka 1912, so sio ugonjwa mpya.

Minya kisigino pande zote mbili kwa pamoja, akishtuka ndo hapo. Utamwona pia akitembelea vidole baada ya mechi, inauma kumwangalia.

Apunguze kukimbia kwa muda, umkande na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, avae viatu vyenye soli laini, sio njumu ngumu kila siku, na anyooshe misuli ya nyuma taratibu. Kisigino kikivimba, kikiwa chekundu, akipata homa au maumivu yakimwamsha usiku, mpeleke hospitali.