Kusoma tabianchi chuo kikuu: tuanzie shamba la mwani

Kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, mtoto kaipenda hiyo kozi ya tabianchi, lakini kazi atafanya wapi?" Wengine huuliza kama huko tunafundisha kupanda miti tu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza, tena aulize kwa ukali. Jibu langu ni kumpeleka pale ninapowapeleka wanafunzi wangu: pwani ya mashariki ya Unguja, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa.

Hapo utawakuta akina mama wameinama katikati ya safu za vigingi, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na hadi leo wengi wa wakulima ni wanawake. Mwani hukaushwa ukasafirishwa nje, na kutokana nao hupatikana karajini, kitu kinachoipa dawa ya meno na aiskrimu uzito wake. Kuna aina mbili kuu: spinosamu, ambao ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, wenye bei nzuri lakini hauwezi joto. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii ulianza kufa. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika na kuchukuliwa na maji. Wakulima wengi walibaki na spinosamu peke yake, kwa kazi ileile na fedha pungufu.

Safari moja mwanafunzi wangu alichuchumaa kwenye kidimbwi kilichobaki kati ya kamba mbili akazamisha kipimajoto. Kikasoma nyuzi 33. Mama mwenye shamba, baada ya kuitikia shikamoo yake, alimwambia kwamba yeye hutumia nyayo: maji yakimchoma mguu, anajua mwani wake hauna siku nyingi. Kijana akaandika namba yake daftarini, na maneno ya mama hakuyaandika. Nilimwomba ayaandike yote mawili, kwa sababu somo lenyewe liko hapo.

Kipimajoto kilimwambia habari ya asubuhi moja, na hiyo ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na kwa kawaida wanasayansi huupima kwa miaka 30. Yule mama ameingia baharini kwa zaidi ya miaka 20, na kumbukumbu yake inaweza kumwonyesha mtafiti mahali pa kutazama hata pale ambapo hakuna kituo cha kupimia. Kazi ya chuo ni kumfundisha kijana kuunganisha nyayo za mama, kipimajoto chake, picha za satelaiti na hesabu za takwimu, mpaka aweze kusema kwa uaminifu ni lipi limebadilika, kwa kiasi gani, na kwa sababu ipi.

Sababu kubwa ya bahari kupata joto inafahamika. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, takriban 280 zilikuwa hewa ukaa, gesi inayotoka tunapochoma kuni, makaa na mafuta. Vipimo vya mfululizo vilipoanza mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, zilikuwa zimefika kama 315. Leo zimepita 420. Gesi hiyo huzuia joto la dunia lisitoke, na takriban asilimia 90 ya joto la ziada huishia baharini. Kwa hiyo kidimbwi cha Unguja kina uhusiano na mabomba ya moshi ya nchi ambazo yule mama hajawahi kuziona. Mchango wa Afrika nzima katika gesi hizo ni mdogo mno. Hilo huniuma kila ninapolifundisha, na sioni haya kuwaambia wanafunzi kwamba linaniuma.

Tuje kwenye suluhisho, maana ndiko wengi wanakodhani kazi ni nyepesi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, akiwemo Dk. Flower Msuya, walijaribu kupeleka kotonii kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi sana, ukiwa ndani ya mirija ya nyavu ili mawimbi yasiukate. Kibaolojia, njia hii ina mantiki kamili. Lakini kwenye maji ya kina hufiki kwa miguu. Unahitaji chombo, na vyombo kwa kawaida ni vya wanaume. Unahitaji kujua kuogelea, na akina mama wengi wa pwani, ajabu kwa anayetoka bara, hawajui, kwa kuwa tangu utotoni kuogelea kulihesabiwa mchezo wa wavulana. Ndiyo maana kazi ya mwani wa maji ya kina ilibidi iende pamoja na mafunzo ya kuogelea na kuendesha boti.

Hapo ndipo ninapomwambia mzazi kwamba tabianchi si mali ya mwanasayansi peke yake. Mtu wa bahari anajua nyuzi ngapi zinaua mwani. Mtu wa sosholojia anajua kwa nini mama hataki kuvaa nguo ya kuogelea mbele ya mashemeji. Mchumi anapiga hesabu kama bei ya kotonii italipa gharama ya boti, na mwanasheria anauliza nani ana haki ya eneo lile la bahari ambalo jana lilikuwa la wavuvi. Mmoja akikosekana, mradi unabaki kuwa picha kwenye ripoti.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao baadhi ya wenzangu hawaukubali, ni huu: shahada ya kwanza isome fani yenye mizizi. Iwe fizikia, jiografia, kilimo, uhandisi, uchumi au sheria. Kisha ije tabianchi katika uzamili, ukiwa tayari una kitu mkononi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kituo cha Taaluma za Mabadiliko ya Tabianchi, na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kinafundisha fani hii. Anayevutiwa na utabiri wenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina chuo chake Kigoma. Popote uendapo, usikimbie takwimu. Nimeona vijana wenye moyo mkubwa wakikwama kwa sababu waliogopa namba.

Na kazi? Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lazima awepo mtu wa kuweka mkaa kwenye mizani, achemshe maji, apime tena kilichobaki, ndipo aseme jiko fulani linaokoa mkaa au haliokoi. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuizuia hewa ukaa isiingie angani, nayo ilipata kanuni zake mwaka 2022, na Wahadza wa bonde la Yaeda tayari wanalipwa kwa kuutunza msitu wao. Mikataba ya namna hii hufunga kijiji kwa miaka mingi. Natamani kila kijiji kabla ya kutia sahihi kiwe na kijana wake aliyesoma, anayeweza kupima mzingo wa mti na kuusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho.

Tulirudi Unguja kuwasomea wakulima matokeo, kama tunavyofanya siku zote. Wanafunzi walibandika grafu yao ukutani, wakaeleza vizuri. Yule mama akanyoosha mkono akauliza kwa nini vipimo vyote ni vya bamvua. Maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, ndipo yeye anapoupoteza mwani wake. Je, huko walipima? Hawakuwa wamepima, kwa sababu ratiba yetu ya safari ilifuata siku ambazo ni rahisi kutembea. Mwezi uliofuata walifunga vipimajoto vinavyojirekodi kwenye vigingi vyake, wakaviacha humo bamvua na maji mafu.